Kaka, lile gogo

Kaka,

Simu hupokei. Basi nakuandikia hapa, mwanao atakusomea. Kaniambia kila nikiandika hukusomea, nawe hujifanya unanoa tezo.

Nimesikia umemtoa skuli. Kafeli kidato cha pili, ukampa nyundo ukamwambia mkuku wa jahazi hauulizi cheti. Umenikumbusha sauti ya Baba, nikacheka peke yangu jikoni, kisha nikakasirika.

Najua kwa nini hutaki kunisikia mimi kwa habari za skuli. Ni ile jioni barazani. Nimetoka chuo cha ualimu, nina daftari mkononi, nikakuuliza mbele ya Baba na wageni wake: nyundo, msumeno, shoka na gogo, kipi si cha wenzake? Ukasema vyote vya pamoja. Nikakushikilia. Ukasema, "Ukitoa gogo, hizo tatu zitafanya nini, zikatane wenyewe kwa wenyewe?" Watu wakacheka, wako upande wako. Mimi nikasema, kwa sauti: hilo ndilo jibu la mtu asiyesoma.

Kahawa yako uliiacha nusu. Baba hakusema kitu mpaka isha.

Nilikuwa na miaka 21, Kaka. Na swali halikuwa langu. Mrusi mmoja, mwanasaikolojia Alexander Luria, alilipeleka kwa wakulima wa Uzbekistan mwaka 1931 na 1932, Wasovieti walipokuwa wakianzisha mashamba ya pamoja na madarasa ya kisomo. Wasiojua kusoma walimjibu kama wewe: gogo halitoki, bila gogo zana za nini? Waliokaa darasani, hata kwa muda mfupi tu, wakalitoa bila shida: hizi zana, lile si zana. Akaona kujifunza hakumwongezei mtu maarifa tu, bali kunageuza hata namna anavyofikiri. Mkufunzi alitueleza hayo asubuhi, nami nikarudi nyumbani na hamu ya kumpima mtu. Ningempima nani? Baba?

Ungenijibu papo hapo, tungegombana yakaisha. Badala yake harusi yangu hukuja. Ulituma samaki.

Baadaye nikasoma habari za Wavai wa Liberia, na hizi ndizo nilizotaka kukupigia simu. Wavai wana herufi zao wenyewe, hufundishana majumbani, si skuli. Wengine wamesoma Kurani, wengine skuli za Kiingereza. Wanasaikolojia wawili Wamarekani, Sylvia Scribner na Michael Cole, waliwapima katika miaka ya sabini, wakakuta kujua herufi peke yake hakumbadilishi mtu akili nzima. Wa Kurani waliwashinda wenzao kukumbuka orodha inayoongezwa neno moja moja. Wenye herufi za Kivai, waliozoea kuandikiana barua, walikuwa hodari wa kumweleza mchezo mtu asiyeuona. Wa skuli walijua zaidi kutoa sababu za majibu yao. Kila kazi hunoa pale inapokwaruza.

Nikakuona wewe, uliyehitimu chuo cha Kurani kabla sijajua alifu, unajenga jahazi bila mchoro, kila taruma, kila ubavu wake, umelihifadhi kichwani. Na nikajiona mimi. Skuli imenizoesha kuuliza swali ambalo jibu lake ninalo tayari, na kumtazama mtu anavyobabaika. Darasani ndiyo kazi. Barazani ni ukosefu wa adabu, sikatai. Lakini nani kakuzoesha wewe kununa miaka 19? Tezo? Mtu anayengoja mbao zikauke hujifunza kungoja kila kitu, hata ndugu yake.

Mwanao usimchagulie upande mmoja kwa sababu yangu. Wewe humwachia ashike ncha ya pili ya msumeno mpaka mkono uzoee, siku moja akate peke yake. Hesabu nazo ni hivyohivyo, ila hakupata wa kumshikia ncha ya pili. Arudie mwaka. Asubuhi skuli, jioni kiwandani kwako akapige kalafati. Sare na nauli juu yangu, na usiseme namnunua. Mimi ni shangazi yake, si mgeni, ingawa kwenye matanga ya Baba uliniandalia chai ya wageni. Nayo sijasahau.

Nakuja Idi. Nitaleta kahawa, ile ya Baba. Ukisikia sauti yangu ukumbini usitokee mlango wa uani kwenda pwani. Jahazi halikimbii.