Salamu za shukrani kutoka kwa familia, Ipagala, Dodoma

Tumsifu Yesu Kristo, Asalaam aleikum, na kwa wenyeji wetu wa Ugogoni, mbukwenyi!

Familia inatoa shukrani za dhati kwenu nyote mliotuchangia hadi kijana wetu wa kidato cha tatu akatibiwa mshipa mkuu wa damu katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Amerudi salama. Presha imeshuka, nyayo zina joto, na ugali anaula kama mkulima.

Wengi mmeuliza ni ugonjwa gani huo wa mtoto kuwa na presha ya mzee. Aota, mshipa unaotoa damu kwenye moyo na kuisambaza mwilini, ulikuwa umebanwa mahali pamoja kifuani, mbele kidogo ya tawi linalokwenda mkono wa kushoto. Alizaliwa nao hivyo. Damu ilijaa kwa nguvu kichwani na mikononi, miguuni ikafika kwa shida. Ndiyo sababu ya kichwa kuuma, damu za puani na miguu kukaza akikimbia. Hakurogwa. Mashangazi wanaoendelea kunong'ona habari za shamba la Bahi tunawaomba sasa wapumzike.

Shukrani za pekee ni kwa tabibu wa zahanati aliyekuta presha iko juu na asiishie kuandika dawa. Alimlaza kijana, akamgusa kinenani kutafuta mapigo, akayakuta hafifu mno. Akahamishia kipimo mguuni: mkononi ilikuwa 168, mguuni 94, wakati kwa mtu mzima wa afya ya mguuni hulingana na ya mkononi au huizidi kidogo. Siku hiyohiyo akaandika rufaa kwenda Hospitali ya Benjamin Mkapa. Huko kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kikaonyesha pale palipobana, nasi tukaelekezwa Dar. Daktari, Mungu akuzidishie.

Kifua hakikupasuliwa. Madaktari walipitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja, wakaupandisha hadi penye tatizo, wakajaza puto dogo lililotanua stenti, yaani kijibomba cha wavu wa chuma. Puto likatolewa, stenti ikabaki humo kuushikilia mshipa. Mama yake alikwenda na khanga mpya za kumfunga kifuani. Amerudi nazo zikiwa bado na karatasi ya dukani.

Kuhusu fedha: bima ililipa sehemu, kilichobaki mmekibeba ninyi. Akina mama wa VICOBA walifungua mfuko wa jamii bila maswali. Waumini wa msikiti walichanga baada ya swala ya Ijumaa, bodaboda wa kijiweni wakapitisha kofia, wauza mboga wa Soko la Sabasaba wakatuma kidogokidogo kwa simu. Asante pia uliyetukatia tiketi za SGR. Babu yetu wa Chamwino alitoa beberu. Alinadiwa kanisani, aliyemnunua akamrudisha, akanadiwa tena na tena, na wa mwisho akasema apewe mgonjwa. Sasa amefungwa uani na anamaliza maua ya mama mwenye nyumba, ambaye naye tunamshukuru kwa uvumilivu.

Daftari la mapato na matumizi liko kwa mweka hazina, kila mchangiaji anaruhusiwa kulitazama. Kuna walioshauri bakaa ifanyiwe sherehe. Tumekataa. Kijana bado anatumia dawa za presha na aspirini, ana kliniki na vipimo mbele yake, na kwa kuwa anakua, huenda siku moja stenti ikahitaji kutanuliwa tena. Fedha hiyo ni ya kazi hiyo.

Wanaotaka kumjulia hali, karibuni jioni baada ya saa kumi. Vijana wa timu, mpira uacheni nyumbani, na asibebeshwe ndoo ya maji mpaka daktari aruhusu.

Kwa niaba ya familia,
Baba Mkubwa