Mifumo Miwili Katika Kompyuta Moja

Buruburu, Nairobi
8 Machi 2026

Mpendwa Wambua,

Barua yako ilinifikia Jumatano, nami nikafurahi kwamba hutaitupa kompyuta yako kwa sababu tu Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Umeuliza kama waweza kuweka Ubuntu, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta (jina ambalo, bila shaka umeng'amua, ni ndugu wa utu wetu) kando ya Windows bila kupoteza hesabu za duka. Waweza. Yangu ya hapa nyumbani sasa huniuliza, kila ninapoiwasha, niingie mfumo upi.

Kwanza nakili faili zako zote kwenye diski ya nje, kisha uipunguze sehemu ya diski iliyo ya Windows, ukiwa ndani ya Windows yenyewe, ili Ubuntu ipate nafasi. Ubuntu huhitaji gigabaiti 25 hivi. Mimi niliipa 60 na sijajuta. Nilipokuwa katikati ya kazi hiyo stima ikapotea mtaa mzima, na kama si betri ya akiba niliyoazima kwa jirani, sijui leo ningekuwa nakuandikia nini.

Uzime pia ule uwashaji wa haraka wa Windows, maana ukiuacha, Windows haizimiki kabisa bali husinzia ikiwa bado imeshikilia sehemu yake ya diski, na Ubuntu itakataa kuandika chochote humo. Ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker, yaani kufuli ya Windows yenyewe, andika ule ufunguo wa dharura kwenye karatasi kabla hujagusa lolote. Wakati wa kusakinisha, chagua kuweka Ubuntu sambamba na Windows, na usome mara mbili kabla ya kubofya, kwa kuwa chaguo jirani hufuta diski nzima.

Lililonisumbua zaidi ni saa. Usiku wa kwanza niliporudi kwenye Windows ilikuwa saa tatu, lakini kioo kilionyesha saa kumi na mbili jioni. Nikadhani betri ndogo mfano wa sarafu iliyo kwenye bodi imekufa, nikaenda hadi Luthuli Avenue kununua nyingine, nikaitia, na kosa likabaki lile lile. Ningejiuliza mapema: betri iliyokufa itakosea vipi kwa saa tatu kamili, kila siku? Kumbe Ubuntu huiweka saa ya ndani ya mashine kwa majira ya dunia, ilhali Windows huisoma kana kwamba ni saa ya hapa, nasi tumetangulia kwa saa tatu. Dawa yake ni mstari mmoja unaoandikwa kwenye dirisha la amri la Ubuntu: timedatectl set-local-rtc 1.

Nitakuja Machakos wikendi ya Pasaka na flashi ya kusakinishia Ubuntu iliyo tayari, kwa hiyo usinunue. Wewe tafuta betri ya akiba tu.

Rafiki yako,
Kamau