Kutoka Nyeri, kwa shoga yangu

Shoga yangu Mama Zuhura,

Salaam aleikum, na samahani kwa kimya changu. Mwandiko nao uusamehe, baridi ya huku imenila vidole. Leso uliyoniazima ndiyo stara yangu, naivaa juu ya sweta.

Jana niliwapeleka watoto wa skauti kwenye kaburi la Baden-Powell, yule Mwingereza aliyeanzisha skauti. Dogo, shoga! Nami nilitarajia makubwa, kaburi la lodi. Jiwe tu, lina duara na nukta katikati, ile alama yao ya njiani: nimekwenda nyumbani. Majivu ya mkewe, Olave, yamezikwa papo hapo. Watoto wakapiga saluti, wakapiga picha, tukawa twaondoka. Ndipo yule mdogo wa Mwalimu Kombo akauliza, "Mwalimu, huyu si alikuwa jenerali? Alikuwa akipigana na nani?"

Nikampa ya Mafeking, kule Afrika Kusini, wakati wa vita vya Waingereza na Makaburu. Makaburu wamezingira mji siku 217, yeye ndani anazika masanduku ya mchanga na kuyaita mabomu, askari wake wanainua miguu kuruka seng'enge ambayo haipo. Watoto hoi kwa kicheko. Yule mdogo hakucheka. "Na watu weusi wa mji huo?" Nikamwambia basi latungoja.

Basi lenyewe lilikuwa halijafika, shoga.

Usiku sikupata usingizi. Yote uliyonisimulia wewe yalinirudia: Waafrika wa Mafeking walivyokatwa posho wakafa njaa, na Barolong, wenyeji wa huko, walioshika bunduki kuulinda mji ule ule. Na Chifu Uwini, mwaka 1896 kule Matabele, Zimbabwe ya leo, Baden-Powell alivyomfungulia mahakama ya kijeshi, akapigwa risasi, kisha uchunguzi ukafanywa na Baden-Powell akatoka safi. Mafeking ndiko alikopatia umeja-jenerali, ana miaka 43. Ulodi ukaja 1929, lakini huo aliupata kwa skauti.

Kinachoniudhi zaidi, nampenda mzee huyu. Nimekiona kile kijumba chake, Paxtu, alikohamia 1938. Nyumba yao ya Uingereza iliitwa Pax Hill, basi hii ikawa Pax ya pili, "Pax two" kwa Kiingereza! Akikaa hapo akichora ndovu na ndege mpaka alipokufa Januari 1941. Mtu wa kuchora ndovu hivyo, na yule wa Uwini... ah, sijui niseme nini.

Na Jumatatu nimepangiwa kuzungumza paredi. Mwalimu mkuu ataka "historia fupi ya kuchangamsha".

Nimtaje Uwini mbele ya watoto wa darasa la tano? Au nimwite yule mdogo pembeni, nimjibu peke yake? Wewe ungemjibuje? Kile kitabu chako cha Mafeking bado unacho, au Mama Rehema hajakirudisha? Na Zuhura, matokeo yametoka?

Nijibu kabla ya Jumatatu, tafadhali, hata kwa simu.

Shoga yako,
Mwalimu Asha