Swichi janja na nyumba za zamani: wauzaji watueleze kabla hatujalipa

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo lililonisumbua kwa karibu mwaka mzima, yaani uuzaji wa swichi na vifaa vingine vya nyumba janja, vile vya kuongozwa kwa simu, bila mnunuzi kuulizwa, wala kuelezwa, nyumba yake ilifungwa umeme zamani gani na kwa mtindo upi.

Nyumba yangu iko Jinja. Tuliachiwa na marehemu baba, na umeme wake ni wa miaka ya 1950, enzi za kuzinduliwa kwa bwawa la umeme la Owen Falls mwaka 1954, hilo ambalo siku hizi tunaliita Nalubaale. Niliamua kuikarabati mwenyewe kwa kuwa fedha ni chache na kwa kuwa kupiga plasta, kupaka rangi na kuchimba ukuta kwa tindo ni kazi ninazozimudu. Wanangu ndio walionishawishi kwamba, maadamu kuta zinachimbwa, niweke pia taa za kuwashwa kwa simu. Sikuona ubaya wowote, nikaenda Kampala, na duka moja likaniuzia swichi sita bila swali lolote isipokuwa rangi niliyoipenda.

Nilipoifungua swichi ya kwanza ya sebuleni ndipo nilipojua kwamba zile sita hazikuwa na pa kuungwa. Katika nyumba nyingi zilizofungwa umeme kwa desturi ya Waingereza wa wakati ule, waya wa moto, unaoleta umeme, na waya wa nyutro, unaourudisha ili njia yake ikamilike, hupita darini hadi kwenye taa, na kutoka huko huteremshwa nyaya mbili tu hadi ukutani: mmoja huuleta moto kwenye swichi, na wa pili huurudisha juu kwenye taa swichi inapobonyezwa. Nyutro yenyewe haifiki ukutani. Swichi ya kawaida haina shida na hilo, kwani kazi yake ni kukata njia na kuiunga, lakini swichi janja ina redio ndogo ndani yake ambayo ni lazima ikae macho hata taa ikiwa imezimwa, na bila nyutro, nyingi kati ya swichi hizo haziwezi kufanya kazi.

Kuna na mtego mwingine, ambao nauhofia zaidi. Kwa rangi za zamani, mwekundu ulikuwa moto na mweusi ulikuwa nyutro, kwa hiyo mtu akiifungua swichi na kuuona waya mweusi hujiambia kwamba nyutro ameipata, kumbe huo mweusi ndio unaorudisha moto kwenye taa, na taa ikiwaka unabeba volti 240 sawasawa na mwenzake mwekundu. Mimi nilinusurika kwa sababu nilikuwa na testa mfukoni. Si kila kijana anayefuata maelekezo ya picha kwenye simu yake anayo.

Ni kweli zipo swichi zisizohitaji nyutro. Hizo hupitisha umeme kidogo sana ndani ya taa yenyewe ili zibaki hai, na kwa balbu za zamani za wati 60 hakuna ambaye angegundua, lakini taa ya LED ya wati chache huanza kupepesa au kung'aa hafifu usiku kucha, hadi iongezewe pembeni yake kapasita, kifaa kidogo cha kuupitisha umeme huo. Hilo nalo halikuandikwa mahali popote kwenye boksi.

Mwishowe niliamua kubadilisha nyaya zote, jambo ambalo lingefaa kufanywa hata kama nisingenunua kifaa chochote, maana mpira uliofunika zile za zamani ulikuwa ukipukutika mkononi, na nyaya za taa hazikuwa na waya wa ardhi hata mmoja. Nilichimba mifereji, nikalaza mabomba ya plastiki, nikaondoa visanduku vya chuma vyenye kina cha milimita 16 na kuweka vya 35 ili swichi mpya zienee. Kuunga na kupima nilimwachia fundi mwenye kibali cha Mamlaka ya Kudhibiti Umeme, na nawasihi wasomaji wenzangu wafanye vivyo hivyo hata kama mkono wao ni mzoefu. Mwenye paa la asbesto naye asitoboe hata tundu moja la kupitisha waya, kwa kuwa vumbi lake huharibu mapafu miaka mingi baadaye.

Neno moja kuhusu intaneti. Vifaa vingi vinavyouzwa hapa hutuma kila amri kwanza kwenye kompyuta za kampuni iliyo nje ya nchi, ndipo taa ya sebuleni iwake. Sote tunakumbuka Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilipozimwa nchini kwa siku kadhaa. Kwa hiyo nilichagua vifaa vya Zigbee, yaani vinavyowasiliana kwa redio ya masafa mafupi bila kuhitaji intaneti, vinavyoongozwa na kompyuta ndogo iliyo humu humu nyumbani kwa programu ya bure ya Home Assistant, na kila swichi yangu bado inabonyezwa kwa kidole, kwa sababu mama yangu mzazi, ambaye tunaishi naye, hana haja ya simu ili aione njia ya kwenda msalani.

Ombi langu kwa wauzaji ni dogo. Muuzaji amuulize mnunuzi kama kuna nyutro kwenye swichi zake, na kila boksi liwe na karatasi inayosema kama kifaa kinahitaji nyutro, kisanduku chenye kina gani, na kama kitafanya kazi intaneti ikikatika. Karatasi hiyo iandikwe pia kwa Kiswahili, ambacho Katiba yetu ilikitambua kuwa lugha rasmi ya pili tangu mwaka 2005. Shirika la Viwango la Uganda, ambalo hukagua bidhaa zinazoingia nchini, lina uwezo wa kulidai hilo kabla bidhaa hazijafika dukani. Zile swichi zangu sita duka lilikataa kuzipokea, kwa hoja kwamba maboksi yalikuwa yameshafunguliwa.

Wako mtiifu,
Mwenye nyumba ya urithi, Jinja