Jaruba likikauka juu, chini bado kuna maji

Ndugu Mhariri,

Makala za kilimo hurudia kwamba jaruba la mpunga lisikauke hata siku moja. Ushauri huo unawagharimu wakulima maji na mafuta ya pampu bila sababu. Mpunga huvumilia maji kwa kuwa ndani ya shina na mizizi yake mna njia za kupitisha hewa, lakini kuvumilia si kuhitaji. Udongo wa juu unapoanza kuonyesha nyufa nyembamba, mizizi ya chini bado inakunywa. Tatizo ni kwamba macho hayafiki huko, kwa hiyo mkulima anafungulia maji kwa hofu.

Dawa ya hofu hiyo ni kuchungulia maji yaliyo chini kwa bomba la plastiki la urefu wa sentimita 30 na upana wa sentimita 10 hadi 15. Toboa nusu ya chini pande zote, matundu ya nusu sentimita yaliyoachana kama sentimita mbili. Zamisha nusu hiyo ardhini, mbali na tuta na mfereji, kisha chota tope lote lililo ndani. Ukishamwagilia, maji ya ndani na ya nje yalingane. Yasipolingana, matundu yameziba: ling'oe, lisafishe, lirudishe. Wengi hawafanyi jaribio hili, halafu wanalaumu njia nzima.

Miche ikishapandikizwa, acha maji ya kina kidogo kwa siku kumi hivi. Kama magugu ni mengi, ongeza hadi wiki mbili au tatu, maana maji ndiyo yanayoyazuia kuota. Baada ya hapo, acha maji yashuke hadi sentimita 15 chini ya uso wa udongo, yaani hadi uone kitako cha bomba kimebaki bila maji, ndipo ujaze tena sentimita 5 juu. Zamu yako ya mfereji ikiwa haina uhakika, usingoje 15. Yakifika 10 chukua maji yanapopatikana. Ukipitiliza kwenye udongo wa mfinyanzi, nyufa hupanuka na maji utakayoleta yatapotelea humo.

Kuna kipindi kimoja kisicho na mjadala: kuanzia wiki moja kabla ya mpunga kuchanua hadi wiki moja baada yake. Hapo sentimita 5 zikae muda wote. Kiu ya siku hizo huharibu chavua, na suke linabaki na mapepe ambayo maji ya baadaye hayawezi kuyajaza.

Urea nayo ina saa yake. Ukiirusha juu ya maji yaliyotuama, sehemu kubwa hupaa hewani kama amonia. Irushe udongo ukiwa na unyevu bila maji juu, kisha mwagilia mara moja ili izame kwenye mizizi.

Haya yote yanataka jaruba lililosawazishwa. Palipoinuka patakauka na kuota magugu huku bondeni kukiwa bado kumejaa, na bomba litasema kweli ya pale lilipo tu. Kwenye udongo wa chumvi sishauri kabisa kukausha, kwa sababu chumvi hupanda juu.

Mwisho wa msimu, toa maji wiki moja hadi mbili kabla ya kuvuna. Kwenye udongo wa kichanga chelewa kidogo. Ukiwahi mno, punje hubaki nyepesi na kukatika kinuni.

Msomaji wako,
Mdau wa kilimo cha mpunga