Kwa nahodha wa Mokowe

Bibi yetu ametangulia mbele ya haki huko Shela, kisiwani Lamu, akiwa amewaona hadi vilembwe. Basi letu kutoka Mombasa lilifika Mokowe usiku, boti zimeshafungwa, na maziko ni asubuhi.

Kaka mmoja alikuwa akikunja nyavu. Alipomsikia mama akilia, hakutaja nauli. Aliazima petroli kwa mwenzake (na petroli siku hizi si maji), akamshika mama mkono hadi botini, akatuvusha polepole kwa tochi maana maji yalikuwa yamekupwa. Gatini Shela akabeba mizigo yetu hadi mlangoni.

Tukamuwahi Bibi kabla hajakafiniwa. Mama alivishika vile vidole vilivyotushonea kofia za Idi miaka yote.

Pesa alikataa, jina hakusema. Anayemjua amwambie: hitima ni Ijumaa baada ya alasiri, na sinia lake la pilau tumelitenga.