Beberu wa Mjomba hauzwi

Masasi, wiki ya pili ya Majilio

Mwanangu Esta,

Salaam nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, Mjomba wako naye anaendelea na hali yake ileile, na ule ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote. Nimeona nikuandikie, maana tukilianza jambo hili kwenye simu wewe utalia, na mimi salio litaniishia kabla sijafika ninapotaka kufika.

Unasema mwaka huu Krismasi tuiache. Beberu auzwe, hela ya mchele na ya nguo za watoto ikusanywe, zote zitumwe kwa yule mtumishi wa huko Dar ili atuletee mafuta na maji, kwa kuwa ametamka kwamba kabla ya tarehe 25 Mjomba atakuwa amesimama. Najua unasema hivyo kwa uchungu, na kwamba mtu aliyekulipia ada tangu darasa la kwanza huwezi kumwona kitandani ukakaa kimya. Lakini beberu hauzwi na Krismasi iko palepale. Nitakueleza kwa nini, usome mpaka mwisho ndipo unune.

Kwanza ujue hali yake ilivyo, kwa sababu naona huko mnasimuliana mambo ambayo hayapo. Kiharusi kimeshika upande wa kulia. Mguu umeanza kurudi; tukimshika makwapani anasimama, anahesabu pumzi kadhaa, anakaa. Mkono bado umelala. Mdomo umeanza kukaa sawa ila maneno hayatoki, zinatoka silabi mbili tatu kisha anakasirika. Akili anayo yote. Juzi nilimsomea karatasi ya malipo ya korosho kutoka chama cha msingi cha ushirika, nikaruka mstari mmoja bila kujua. Akagonga kitanda kwa mkono wa kushoto, ngo ngo ngo, mpaka nikarudi kuusoma. Mtu wa namna hiyo usimlilie kama marehemu.

Kula ndiko kunakotaka moyo. Uji mwepesi unampalia, kwa hiyo tunausonga mzito. Tunamketisha wima kwanza, mito miwili mgongoni, kidevu kikiwa kimeinama kidogo. Kijiko cha chai, si cha chakula. Anameza, unasubiri koo litulie, ndipo unampa kingine. Akimaliza hatumlazi hapohapo, anakaa kama nusu saa. Usiku tunamgeuza kila baada ya saa mbili ili asitoke vidonda mgongoni na visiginoni, na mpaka leo ngozi yake ni nzima. Nalisema hilo kwa majivuno, maana ni kazi ya mikono yetu. Mkewe ana zamu yake, mimi yangu, na Danieli ana ya alfajiri, ingawa yeye kumwamsha ni kazi nyingine tena.

Na ujue alivyofika hapo. Alikuwa na dawa za presha, amepewa akaambiwa ni za kila siku. Mwezi wa sita akaziacha kwa kuwa alijiona mzima: kichwa hakimgongi, analima, anapanda baiskeli. Presha haiumi, mwanangu, ndiyo maana watu wanaiona kama maneno ya hospitali tu. Mwezi wa tisa akawa anafagia chini ya mikorosho ili zikianza kudondoka zisipotelee kwenye majani. Waliomkuta walidhani amelala kivulini.

Sasa fikiri kidogo. Mtu huyu aliyeacha vidonge kwa kujiona mzima tu, umletee chupa ya mafuta umwambie hii ndiyo imekuponya. Wa kwanza kuvitupa vidonge atakuwa nani? Utakuwa umemchimbia shimo la pili kwa hela yake mwenyewe.

Mafuta amekwisha kupakwa. Padri alikuja Majilio yalipoanza, na stola yake ya zambarau shingoni, akampaka kwenye paji la uso na kwenye viganja, akatuombea wote tuliokuwa chumbani, akanywa maji, akaondoka. Hakuuliza bei ya mtu. Fungua Waraka wa Yakobo, sura ya tano: mgonjwa awaite wazee wa kanisa, waombe, wampake mafuta. Pale pa kutuma hela kwanza kwa namba ya simu utanionyesha wewe, mimi macho yangu ni ya zamani.

Uliniuliza, “Mama, kwani huna imani?” Ninayo, na swali hilo lilinichoma. Ila Mungu si ghala la chama cha msingi, kwamba unapeleka magunia, yanapimwa, unapewa stakabadhi, unakaa kungoja mnada. Ninamwomba kila siku Mjomba apone. Ninamwomba kwa sauti, wakati mwingine kwa ukali ambao Padri asingeupenda. Lakini sijamwekea tarehe, na atakayeniambia amemwekea tarehe nitamwogopa. Daktari mwenyewe hakuahidi. Alisema miezi ya mwanzo ndiyo ambayo viungo hurudi zaidi, tusiache mazoezi hata siku moja, kisha tutaona. Nimelipokea hilo. Linanitosha kuamkia.

Nije kwenye sikukuu. Unadhani tukiifuta tutakuwa tumemheshimu Mjomba? Beberu yule alimtenga yeye mwenyewe tangu masika, yule mweusi mwenye doa kifuani, akakataza asiuzwe hata shule zilipofunguliwa na watoto hawana viatu. Jirani yetu Mzee Saidi naye ameshaniuliza mara mbili tunachinja saa ngapi. Wewe umekua na jambo hili ukaliona la kawaida, lakini wageni wengi kutoka bara hulishangaa: mbuzi wa Krismasi wa Mjomba miaka yote anachinjwa na Mzee Saidi, kwa bismillahi, ili mama yako mdogo wa Lindi na mumewe na majirani wote wale bila kuulizana. Na Idi ikifika sahani inarudi kwetu imefunikwa kawa. Tangu Mjomba augue, Mzee Saidi akitoka msikitini alfajiri anapitia hapa, anakaa kwenye kigoda, anamsimulia habari za mvua na nani amepanda nini. Mjomba anamsikiliza kwa makini kuliko anavyonisikiliza mimi. Nikamwambie mzee huyo mwaka huu hakuna mbuzi, tumempelekea mtumishi?

Yatakayobadilika ni haya. Misa ya usiku Mjomba hataenda, na zamu ya usiku huo nimeichukua mimi, kwa hiyo mtakaokwenda ni nyinyi, mkiongozwa na Danieli na ile tochi. Asubuhi Padri ataleta Komunyo nyumbani baada ya ibada. Akina mama wa kanisani wamesema watakuja kuimba uani, nami nimewaomba ngoma waiache. Pilau itapikwa kwa shangazi yako nyumba ya pili ili moshi usimsumbue. Embe zipo, mwaka huu zimebeba mpaka matawi yanavunjika. Uraka, hiyo pombe ya mabibo, hautaingia uani kwangu, na huyo baba yako mkubwa nimeshamwambia ana kwa ana.

Lakini kikubwa kinachonifanya niandike ni daftari.

Unalijua lile kaunta buku la jalada gumu, lililoliwa na mchwa pembeni. Kila Krismasi kabla ya kugusa chakula Mjomba huvaa miwani, akasimama, akasoma majina ya marehemu wetu wa upande wa kikeni mpaka pilau ikapoa na nyinyi watoto mkaanza kufinyana. Anaanza na Maria. Jina la kwao Maria halimo, kwa sababu alitekwa angali mtoto na alipokombolewa hakulikumbuka. Aliletwa na lile kundi la watu waliokombolewa utumwani, waliotoka Zanzibar na Askofu Steere mwaka 1876, wakashuka Lindi wakatembea kwa miguu. Safari ilikusudiwa kwenda Ziwa Nyasa, wakachoka na kupenda hapa, wakabaki chini ya milima hii. Baada ya Maria kuna mistari miwili ambayo haina majina, ni misalaba tu. Hao ni wale waliochukuliwa Wangoni walipoivamia misheni mwaka 1882. Mjomba akifika pale hunyamaza kidogo, kisha husema “na hawa,” anaendelea.

Watu wale walikuwa wameokolewa mara moja, wakavamiwa tena, na bado waliobaki walizaa, wakabatiza, na walipojenga upya wakaadhimisha Krismasi. Ndiyo maana hainiingii akilini kwamba sisi, wenye mgonjwa mmoja anayekula na kugonga kitanda, tuone sikukuu imetushinda.

Usidhani Mjomba ni mtu wa mila tu. Kipaimara chake alikipokea kwa mkono wa Trevor Huddleston, aliyekuwa askofu wetu hapa Masasi kutoka 1960 hadi 1968, yuleyule aliyepambana na ubaguzi wa rangi kule Afrika Kusini. Kila mwaka anatusimulia jinsi mzungu yule mrefu alivyoinama kumwekea mikono, naye akiwa mtoto mwenye kaptula ya kuazima, na kila mwaka kaptula ile inazidi kuwa fupi. Hadithi hiyo mwaka huu itabidi aisimulie mtu mwingine. Nadhani tutagombea.

Wiki iliyopita nilimpelekea daftari kitandani. Nikamwambia, kaka, huwezi kusoma, na mimi dada yako macho hayaoni maandishi yako, tumpe nani? Nikaanza kuwataja wapwa mmoja mmoja. Kwa Danieli alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Kwa yule wa Newala alifumba macho. Nilipokutaja wewe akagonga kitanda. Nikarudia ili nihakikishe, nikawataja wote upya nikichanganya mpangilio. Kwako akagonga tena, na safari hii akaniangalia kwa ukali kama vile mimi ndiye mgonjwa wa kusikia.

Kwa desturi yetu unajua maana yake. Mali za watu wanaweza kugawana watakavyo, lakini cha ukoo mjomba humwachia mpwa, na wazee walizoea mpwa huyo awe mwanamume. Wapo watakaonung'unika. Wanung'unike huku wanakula. Na wala usilipokee kama wosia wa mtu anayekufa ukaanza kulia ndani ya basi. Yeye yupo, atakuwa amekaa pale kwenye kiti chenye mikono, mito pembeni, na atasikiliza kila neno.

Kwa hiyo usitume hela, uje mwenyewe. Kata tiketi mapema, kwa sababu wiki ya mwisho mabasi ya Kusini yanajaa na nauli watu wanabishaniana, na mvua zimeanza. Unakumbuka mafuriko ya 2024 yalivyoikata barabara kule Somanga. Ukifika Mnazi Mmoja, ile njia panda ya Lindi, nibipu, Danieli atakuja stendi na bodaboda. Njoo na pampas za wakubwa pakiti mbili, zile za kufunga pembeni, maana za kuvaa kama chupi hazifai kwa mtu asiyeinua kiuno. Uliza pia duka la dawa kama wana mpira wa mazoezi wa kufinya mkononi. Ukikosa, chukua hata sponji ngumu. Kwa watoto leta pipi tu, nguo zao fundi anazo.

Ukitaka kufunga kwa ajili yake, funga. Ukitaka kusali usiku kucha, sali, nami nitakuwa macho saa hizohizo nikimgeuza. Hivyo havina bei na sivikatai.

Majina nimemwambia Danieli ayanakili, ni karatasi ya pili ndani ya bahasha hii. Yasome kwa sauti kabla hujaja, hasa yale ya Kimakua. Usiyatamke Kidar es Salaam, maana atagonga kitanda na utarudia mbele ya watu wote.

Ni mimi mama yako.